Mtoto wa wazazi wa nchi mbili asitiwe kapu moja na aliyeutafuta uraia wa nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa uraia pacha, ambao kwa miaka mingi sasa umezungumzwa kana kwamba unawahusu Watanzania walioko Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba peke yao. Kila hoja hii inapoibuka bungeni au magazetini, anayezungumziwa ni mtu aliyepanda ndege kwa hiari yake, akakaa ughaibuni miaka kadhaa, akaapa mbele ya bendera ya nchi nyingine, kisha akakumbuka nyumbani na kutaka arudishiwe alichokiacha. Wanaomtetea hutaja fedha anazowatumia ndugu zake. Wanaompinga huuliza utii wake uko wapi. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Nataka kuwasemea raia wengine, ambao wengi wao hata uwanja wa ndege hawajapata kuuona, na ambao wana uraia wa nchi mbili kwa sababu moja tu, kwamba mama na baba yao hawakuzaliwa katika nchi moja. Sheria yetu inawahesabu sawasawa na yule msafiri.

Naandika kutoka Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi nilipostaafu, na kwa kuwa watu wa huku walikwisha kuzoea kuniletea makaratasi yao, hawakuacha nilipoacha kazi. Msomaji asiyeijua sehemu hii afahamu kwamba mpaka wetu na Kenya ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia kwenye mlango wa Mto Umba na kupanda kuelekea Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria, na haukuuliza nani ni shemeji ya nani. Jasini ikabaki huku, Vanga ikabaki kule, na Wadigo wakabaki pande zote mbili, kama walivyobaki Wamasai na Wakuria katika sehemu zao. Binti wa Lunga Lunga ya Kenya akiolewa Duga ya huku kwetu, hakuna jirani anayesema ameolewa nchi ya nje. Atasemwa hivyo kwa mara ya kwanza na ofisi, tena miaka 18 baadaye, na atakayesemwa hasa ni mtoto wake.

Nianze na upande wa Kenya, kwa sababu huko ndiko mambo yalikobadilika bila sisi kuyafuatilia. Chini ya katiba ya zamani ya nchi hiyo, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa kuzaliwa kupitia baba tu. Mama Mkenya aliyejifungulia Tanga au Moshi hakuwa na cha kumrithisha mwanawe. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilifuta ubaguzi huo. Ibara ya 14 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje yake. Halafu ikaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia: kwamba kanuni hiyo inawafikia pia waliozaliwa kabla ya katiba hiyo kuanza kutumika. Ibara ya 16 nayo ikasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine.

Sasa chukua mtoto aliyezaliwa Duga mwaka 2006, baba Mtanzania, mama Mkenya. Siku anazaliwa alikuwa Mtanzania tu. Alipokuwa na miaka minne, amelala kwenye mkeka nyumbani kwao, nchi jirani ilipitisha katiba na akaamka ni Mkenya pia. Hakuomba, hakuapa wala hakujaza fomu, na wazazi wake pengine hawajui mpaka leo. Wakenya waliliona jambo hili kuwa ni la haki kwa mama, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Kwa upande wetu inatumika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357. Nayo ina mazuri yake, na si haki kuisema vibaya yote. Sheria iliyoitangulia ilimtambua baba peke yake katika uraia wa kurithi. Hii ya 1995 ikamweka mama sawa na baba, kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya nchi ni Mtanzania wa kurithi iwapo mmoja wa wazazi wake ni Mtanzania ambaye hakuupata uraia wake kwa kurithi. Tena inamvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili muda wote wa utoto wake. Tatizo linaanza anapotimiza miaka 18. Kifungu cha 7 kinasema mtu aliyefikia umri huo, naye ni raia wa Tanzania na wa nchi nyingine, atakoma kuwa raia wa Tanzania asipoukana uraia ule mwingine na kula kiapo cha utii ndani ya muda uliowekwa.

Naomba wasomaji waliangalie neno hilo “atakoma”. Mtanzania anayeomba uraia wa Kanada kwa hiari yake anapoteza wa kwetu kwa tendo lake mwenyewe, analolijua na kulilipia ada. Mtoto wa Duga hapotezi kwa tendo. Anapoteza kwa kukaa kimya, na anakaa kimya kwa sababu hajui kwamba ana jambo la kusema. Ndiyo maana nasema sheria inambana huyu kuliko inavyombana aliyekwenda kuutafuta uraia wa nje kwa miguu yake.

Watu wengi, na hasa vijana, wanachanganya mambo hapa. Husikia kwamba Kenya inaruhusu uraia pacha, wakahitimisha kwamba mwenye mama Mkenya anaweza kwenda kuchukua pasipoti ya Kenya na kubaki na ya Tanzania. Uraia wa nchi mbili unahitaji ruhusa ya nchi zote mbili. Kenya ikiruhusu na Tanzania ikakataa, aliyefikisha miaka 18 ana haki moja kamili ya Kenya na haki moja ya Tanzania inayoelekea kufa. Nimewaona vijana wakishangilia kitambulisho kipya cha Kenya bila kujua kwamba wameshika mkononi ushahidi wa kuwaondoa kwenye uraia wa baba zao.

Jambo lenyewe hutatanisha zaidi ukiingia ndani ya nyumba moja. Huku kwetu ni desturi mwanamke kwenda kujifungulia kwao, hasa mimba ya kwanza, ili mama yake amwangalie. Mke wa jirani yangu mmoja kwao ni Msambweni, ile ya upande wa Kenya. Mtoto wa kwanza alimzalia huko. Wa pili alimzalia hapa hapa, kwa sababu bibi mzaa mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba ni mmoja, mama ni mmoja, wamelelewa jiko moja na wamesoma shule moja. Kwa macho ya sheria yetu, mdogo ni raia wa kuzaliwa, na dada yake ni raia wa kurithi. Dada huyo akiolewa Voi na kujifungulia huko, basi mtoto wake hatapata uraia wa Tanzania kupitia kwake, kwa kuwa anayeurithi uraia hawezi kumrithisha aliyezaliwa nje. Mdogo wake anaweza.

Binti huyu alimaliza kidato cha sita akapata nafasi ya chuo, na mkopo wa elimu ya juu hutolewa kwa Mtanzania. Mama yake aliniletea bahasha ya kaki: kadi ya kliniki ya Kenya iliyochakaa kwenye mikunjo, cheti cha kuzaliwa cha Kenya, kitambulisho cha taifa cha baba, vyeti vyote vya shule kuanzia darasa la saba. Jina la binti lilikuwa na herufi moja zaidi kwenye cheti cha Kenya kuliko kwenye vyeti vya shule, jambo ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa hati ya kiapo ya wakili, lakini kwa mtu wa mpakani herufi moja hugeuka kuwa tuhuma. Tulifuatana hadi ofisi moja ya upande wetu. Kijana aliyekuwa mezani hakuwa na ubaya wowote. Alisoma karatasi moja moja, akauliza:

“Binti, mbona cheti chako ni cha Kenya?”

“Mama alikwenda kujifungulia kwao, afande.”

“Na umri wako umeshapita 18. Basi lete karatasi inayoonyesha umeukana uraia wa Kenya, ndipo tuendelee. Samahani, mzee, ndivyo sheria inavyosema.”

Tukavuka Horohoro tukaenda ofisi ya upande wa pili. Huko alihudumiwa na dada mmoja mwenye adabu sana, ambaye baada ya kusikiliza yote alisema hawezi kupokea tamko la kuukana uraia kutoka kwa mtu ambaye hajajiandikisha kuwa raia mtu mzima. “Chukua kitambulisho cha Kenya kwanza,” akamwambia, “kisha urudi uukane.” Binti akaniangalia. Akichukua kitambulisho, atakuwa ameomba kwa mkono wake mwenyewe kile anachotakiwa athibitishe kwamba hakitaki. Asipokichukua, hana cha kukana, na upande wa kwanza hawampokei. Kila ofisi ilifuata taratibu zake, na kati ya taratibu hizo mbili mtoto wa watu alipigwa danadana hadi muda wa kuomba mkopo ukapita. Baba yake aliuza ng'ombe kulipa ada ya muhula wa kwanza.

Kuna wanaosema: achague tu, kwani kuna ubaya gani? Ana miaka 18, amepewa nafasi ya kuchagua, wengine hawana hata hiyo. Wanaosema hivyo huwa hawajafikiria ardhi. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kupewa haki ya kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu maalumu wa uwekezaji huo. Mtoto akibaki Mkenya, basi shamba la minazi la baba yake lililoko Moa, ambalo amelipalilia tangu ana miaka saba, halimiliki tena kama mwenyeji. Akichagua Tanzania, Ibara ya 65 ya katiba ya Kenya inasema asiye raia atashika ardhi kwa kukodi tu, na si zaidi ya miaka 99. Kwa hiyo kiwanja alichoachiwa na bibi yake Msambweni kinageuka kutoka mali ya urithi kuwa kitu cha kupangisha. Hapa mtoto anaulizwa atazika haki yake kwa baba au kwa mama, na anaulizwa wazazi wote wawili wakiwa hai na wanasikia. Nimeshuhudia mama akilia kwa sababu mwanawe alisema mbele ya wakili kwamba anaukana uraia wa mama yake. Maneno ya fomu ndivyo yalivyo, lakini yeye hakuyasikia kama maneno ya fomu.

Wengine hujibu kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki itayamaliza haya. Natamani iwe hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, lakini itifaki hiyo yenyewe inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi utaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Pasipoti ya Afrika Mashariki ni hati ya kusafiria inayotolewa na nchi ya mtu. Haimpi uraia wa jumuiya. Na tukitazama wenzetu ndani ya jumuiya hiyo, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Somalia wote wameruhusu uraia wa nchi mbili kwa namna moja au nyingine. Tumebaki sisi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo katiba yake inasema waziwazi kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Majirani zetu wa kusini, Zambia, nao walifungua mlango kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2016.

Hoja ya usalama naiheshimu, maana nchi yetu imepokea wakimbizi wengi na ina mipaka na nchi nane, na mtu anayelinda mlango ana haki ya kuuliza anayeingia ni nani. Lakini tuulize hoja hiyo inatupa nini katika hali ilivyo sasa. Hivi leo, ukanda wote wa mpakani, kuanzia huku hadi Sirari, wapo watu wazima wenye vitambulisho vya nchi mbili, wamevificha mahali pawili, wakivuka asubuhi na hiki na kurudi jioni na kile. Serikali haiwajui, kwa sababu anayejitokeza kusema anacho hicho cha pili anapoteza cha kwanza. Sheria imewafundisha raia wake wanyamaze. Kenya ilifanya kinyume: mwenye uraia wa nchi mbili anatakiwa autangaze kwa serikali ndani ya miezi mitatu tangu aupate, na asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano za Kenya au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sheria kali, na mimi nisingependa tuige ukali wote huo kwa watoto wa wavuvi, lakini angalau daftari la serikali linajua nani ni nani. Kwa maoni yangu afisa usalama yeyote angependelea daftari hilo kuliko ukimya wetu.

Kuhusu vyeo, Wakenya wamelitatua pia. Ibara ya 78 ya katiba yao inamzuia mwenye uraia wa nchi mbili kushika nafasi za juu za serikali, isipokuwa majaji na wajumbe wa tume, na isipokuwa mtu ambaye amefanywa raia wa nchi nyingine na sheria ya nchi hiyo bila kuwa na njia ya kujitoa. Huyo wa mwisho ndiye mtu ninayemzungumzia tangu mwanzo wa barua hii. Katiba ya jirani imemwona na kumtofautisha na aliyejitafutia uraia kwa hiari, yetu haijamwona.

Madhara ya kutomwona mtu huyu si ya kukisia. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya Tanzania katika shauri la mtu aliyekwenda kituo cha polisi kushughulikia taratibu za ndoa yake, akashukiwa si raia, akanyang'anywa pasipoti, akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema si wake ikamrudisha, akabaki akiishi kwenye kipande cha ardhi kilicho kati ya vituo viwili vya mpaka. Mahakama iliamua kwamba alinyang'anywa uraia wake kiholela. Shauri hilo halikuhusu uraia pacha, lakini linaonyesha mtu wa mpakani anavyoweza kuangukia katikati kila upande unapodhani ni wa upande mwingine. Kule pwani ya Kenya Wapemba, ambao wazee wao walitoka kisiwani kwetu kwa uvuvi, waliishi vizazi kadhaa bila karatasi za nchi yoyote hadi Rais William Ruto alipowatambua mwaka 2023.

Wanaotaka kujua mambo haya hufika wapi wasome habari za Zimbabwe. Mwaka 2001 nchi hiyo ilirekebisha sheria yake ya uraia ili waliokuwa na haki ya uraia wa nje kupitia wazazi wao waukane kufikia Januari 2002, la sivyo waupoteze wa Zimbabwe. Walioumia zaidi walikuwa vibarua wa mashamba ambao baba zao na babu zao walitoka Malawi, Msumbiji na Zambia, watu ambao hawakuwa wakijua kwamba wana kitu cha kukana. Hata mtu mkubwa hakusalimika: Trevor Ncube, mwenye kampuni ya magazeti, alikataliwa pasipoti kwa sababu baba yake alizaliwa Zambia, hadi Mahakama Kuu ilipompa haki yake mwaka 2007. Katiba yao ya mwaka 2013 ilikuja kuurekebisha msimamo huo, na mahakama yao ya katiba ikaamua mwaka huo huo kwamba raia wa kuzaliwa hazuiwi kuwa na uraia wa pili. Sioni sababu ya sisi kuipita njia yote hiyo kwa miguu kabla hatujafika walipofika wao.

Nafahamu kwamba mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Sina ugomvi na hatua hiyo, na kwa ndugu zetu wa ughaibuni ni afadhali kubwa. Lakini anayepewa hadhi maalumu ni mtu aliyekwisha kuitwa mgeni. Binti wa jirani yangu hajawahi kuwa mgeni hata siku moja. Amezaliwa na baba Mtanzania, amekula ugali wa Mkinga miaka yote, ameimba wimbo wa taifa kila asubuhi shuleni. Kumwambia apoteze uraia kwanza, kisha aombe hadhi ya kumfidia, ni kumzungusha mlango wa uani ilhali yumo ndani ya nyumba.

Ombi langu kwa waheshimiwa wabunge, na hasa wa majimbo ya mipakani ambao wanayajua haya kuliko mimi, ni dogo. Sisemi tufungulie kila mtu. Kifungu cha 7 kirekebishwe ili mtu aliyeupata uraia wa pili kwa kuzaliwa, kupitia mama au baba, asipoteze uraia wa Tanzania kwa kutimiza umri tu. Aupoteze pale tu atakapotamka mwenyewe kwa maandishi kwamba hautaki. Awekewe wajibu wa kuutangaza uraia wake wa pili anapoandikishwa kitambulisho cha taifa, kwa kuwa umri wa kuandikishwa ni huo huo wa miaka 18 na fomu zinauliza habari za wazazi hata sasa. Nafasi nyeti za uongozi na ulinzi zifungwe kwake kama Bunge litaona inafaa, maana wengi wa watoto hawa wanataka kulima, kuvua, kufundisha na kusoma, na hawatalalamika kwa kutoweza kuwa mawaziri. Wakati marekebisho hayo yakisubiriwa, ofisi za pande mbili zinaweza kukubaliana utaratibu wa kupokea tamko la kuukana uraia kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuchukua hati ya upande huo, ili asilazimike kwanza kuchukua kitambulisho anachotakiwa kukirudisha. Hilo halihitaji Bunge, linahitaji barua mbili.

Nikiwa bado kwenye sheria hiyo, kuna kasoro nyingine inayozigusa nyumba hizi hizi. Mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania anayo haki ya kuomba uraia wa kuandikishwa wakati wowote mume wake akiwa hai. Mwanamume wa nje aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo, anapanga foleni na wageni wengine wote. Kwa hiyo baba Mkenya wa huku huishi na mke wake na watoto wake kwa kibali cha kuhuisha kila mara, na watoto wanakua wakijua kwamba baba ni mtu wa muda. Hilo linastahili barua yake, nitaliacha hapa.

Kwa wazazi wanaosoma haya na wana watoto walio chini ya miaka 18, naomba wafanye mambo machache wakati muda ungalipo. Mtoto aliyezaliwa upande wa pili apate cheti chake cha kuzaliwa mapema, na majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vyeti vya shule. Hati za mzazi wa nje, hasa cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho, zitunzwe na nakala zake zithibitishwe na wakili, kwa kuwa mzazi akifariki ndipo hutafutwa na ndipo huwa hazionekani. Cheti cha ndoa kiwepo, hata kama ndoa ilifungwa msikitini au kanisani zamani na mashahidi wote wangali hai. Na kijana anayekaribia miaka 18 asisaini tamko lolote la kuukana uraia, wala asichukue kitambulisho cha upande wa pili kwa ajili ya laini ya simu au kazi ya msimu, kabla hajaonana na mtu anayeijua Sura ya 357 akamweleza anachokipata na anachokiacha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu,
Mkinga, Tanga